Mizizi Niliyosema Nimetafuna

12 Septemba

Nina miaka themanini na miwili. Nimeishi kuliko serikali ya wazungu, kuliko wakuu wa kijiji wanne, kuliko wake zangu wawili na ndugu zangu wa kiume watano. Nimeishi kuliko gari moshi la kwanza nililolishika kwa mikono hii katika karakana ya reli pale Mpika, ambalo leo ni kutu tupu, nyumba ya mijusi. Nimeishi pia kuliko yule daktari aliyeniambia mwaka 1979 kwamba ugoro utaniua. Nilikwenda kumzika. Nikavuta ugoro palepale makaburini.

Mimi ni Fackson Chipulu, mchimba mizizi ya munkoyo wa kijiji cha Kapoko. Wengine wapo wanaochimba, sikatai, hata nguruwe huchimba. Mchimbaji ni mimi.

Shule niliishia darasa la pili. Kuandika nilijifunza kwa kuchora namba kwenye mataruma ya reli, ndiyo maana herufi zangu ni kubwa na hazifutiki. Daftari hili nimepewa na Daktari Choolwe, mwanamke Mtonga wa chuo cha Lusaka anayesomea mambo ya lishe. Kalipiga mistari: Tarehe. Mahali. Magunia. Na safu ya nne: Umetafuna?

"Babu, ukijaza hizo nne kila siku, inatosha," akasema.

Nikamwambia mtu aliyeishi kama mimi hatoshi kwenye safu nne.

"Basi kurasa za nyuma ni zako. Andika utakalo."

Ndiko niliko.

14 Septemba

Leo tumetia sahihi. Darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Upande mmoja Daktari Choolwe kwa niaba ya chuo. Upande mwingine Bwana Jere wa kampuni ya vinywaji ya Ndola, shati jeupe, kiatu chenye ncha. Katikati sisi: mimi, na wanawake kumi na sita wapishi wa munkoyo, wakiongozwa na Mama Chisala, dada yangu wa tumbo moja.

Makubaliano ni haya. Mimi nachimba mizizi. Wanawake wanapika uji wa mahindi, unapoa, wanaloweka humo mizizi iliyopondwa mpaka uji unayeyuka na kuwa kinywaji, kama walivyofanya mama zetu. Chuo kinapima: kina nini ndani, kinamfaa nani, kinakaa siku ngapi kabla hakijageuka siki. Kampuni ina chupa na malori. Msimu huu ni wa majaribio. Ukienda vizuri, wanawake watajengewa nyumba ya kupikia yenye sakafu ya saruji na maji ya bomba, na kazi itakuwa yao moja kwa moja. Na kwenye kila chupa litaandikwa jina: Wanawake wa Kapoko.

Mama Chisala aliposikia hilo la jina aliinamisha uso akawa anakuna meza kwa ukucha. Ana miaka sitini na saba na jina lake halijaandikwa mahali popote isipokuwa kadi ya kliniki.

Wengine waliweka dole gumba. Mimi nilitia sahihi, ikajaa mpaka ikaingia kwenye nafasi ya Jere.

"Mzee, hii sahihi au ramani?" akauliza Jere. Kisha akaniangalia vizuri. "Wewe Mbemba halisi? Nasikia mkikosa nyama mnakula nyani."

"Nyani ni mnyama anayeonekana," nikamjibu. "Nyinyi Wangoni, watani zetu, mnakaa mbele ya tundu kutwa nzima mnavizia panya, na mkimpata mnamgawana watu sita na mkia mnamwekea mgeni."

Darasa zima likaangua kicheko. Jere alicheka mpaka akavua miwani. Mtu mzuri, huyu. Ndiye ninayempenda. Daktari amekaa kama aliyemeza rula.

15 Septemba

Daktari ametaka nimwonyeshe kutafuna, nami nimemwonyesha mbele ya watu wote ili asiseme ameelezwa na mwingine.

Munkoyo una pacha wake. Majani yaleyale, ganda lilelile, hata ukikwaruza kwa kisu rangi ni ileile. Pacha akiingia kwenye chungu, watu wanaumwa. Kwa hiyo mchimbaji akitoa mzizi shimoni, kabla hajautia kwenye gunia, anakata kipande, anakitafuna pamoja na donge dogo la ugali baridi. Mzizi wa kweli unayeyusha ugali mdomoni, unakuwa maji, unakuwa mtamu. Wa pacha ugali unabaki donge na ulimi unawasha. Ni lazima utafune hasa, mpaka nyuzi za mzizi zitoke maji. Kulamba hakuna maana.

Na kila shimo linatafunwa. Mchimbaji akishatafuna, mpishi harudii. Kurudia ni kumwambia mwanamume usoni kwamba yeye ni mwongo. Sijawahi kurudiwa tangu mwaka 1955.

Daktari alidondosha dawa ya rangi ya ugoro juu ya ugali, ukawa wa buluu. Akadondosha juu ya ule niliotema, haukubadilika. Macho yakamtoka.

"Babu, unafanya mdomoni kile tunachofanya maabara!"

Nikamwambia hao wa maabara ndio wanaofanya kile ninachofanya mdomoni.

Akamgeukia Jere, akataka kila gunia litolewe sampuli ipelekwe Lusaka. Jere akasema gari la kila wiki halimo kwenye bajeti. "Na ya nini? Maabara si huyu hapa amekaa!" Akanipiga begani. "Mzee Chipulu ndiye maabara." Wakaandika karatasi kwamba sampuli haziendi Lusaka, wote wawili wakatia sahihi.

Nimerudi nyumbani nikitembea katikati ya njia.

17 Septemba

Gunia moja. Kilima cha Mashoka. Nimetafuna.

18 Septemba

Gunia moja. Palepale. Nimetafuna. Joto.

22 Septemba

Gunia moja na nusu. Nimetafuna. Moshi wa watu wanaochoma mapori umefunika jua, linaonekana kama kikaango.

29 Septemba

Leo jino langu limeng'oka. Lilikuwa gego la kushoto juu, la mwisho lililokuwa na mwenzake wa chini wa kukutana naye. Limetoka pamoja na kipande cha mzizi nilipokuwa natafuna shimo la tatu. Halikuuma. Nilidhani ni jiwe.

Yamebaki manne, mawili juu kulia, mawili chini kushoto. Ni kama watu waliokosana, hayakutani.

Nimeliweka kwenye kibati cha ugoro. Gunia moja. Shimo la nne na la tano nimeyajua kwa macho. Hapa Mashoka pacha hajawahi kuota tangu nizaliwe.

Kwenye safu nimeandika: Nimetafuna. Mawili kati ya matano ni kitu gani.

30 Septemba

Gunia moja. Nimetafuna.

Nilijaribu kwa fizi. Mzizi unateleza tu.

3 Oktoba

Gunia moja. Nimetafuna. Joto limezidi, hata kuku wanatembea wamefungua midomo.

9 Oktoba

Wamegombana leo, uani kwa Mama Chisala, mbele ya vyungu. Jere amekuja na habari kwamba wakubwa wa Ndola wanataka siku ya kuonja kabla ya mvua. Watu arobaini, wenye vikombe na karatasi za kujaza. Kwa hiyo anataka mizizi magunia manane kwa wiki badala ya matatu.

"Mkataba unasema matatu," Daktari akasema. "Nilipanga idadi hiyo kwa sababu. Siwezi kupima zaidi."

"Daktari, wewe unapima. Mimi nauza. Chupa hazikai zikingoja karatasi zako."

"Utafiti haukimbizwi, Bwana Jere."

"Na nani anaulipia utafiti?" Alisema kwa upole kabisa, kama anayemuuliza mtoto jina la baba yake.

Daktari akayakumbatia mafaili yake. Nilikuwa nimezoea kumwona mgumu, leo nimemwona ni binti tu, amebeba mafaili, hana pa kuyaweka.

Kisha wote wawili wakanigeukia. "Babu, magunia manane unaweza?" akauliza Daktari. Nafikiri alitaka niseme siwezi. Macho yake yalikuwa yananiomba.

Mama Chisala naye alikuwa ananiangalia, mwiko mkononi.

Nikasema hata kumi.

15 Oktoba

Mashoka pamekwisha. Nimevuka mto Lwitikila kwa mara ya kwanza tangu afariki mke wangu wa pili. Ng'ambo kule munkoyo ni mwingi, umejaa kama nyasi. Magunia mawili kwa siku moja, peke yangu, umri huu! Waulize vijana wa Mpika nani mwingine anaweza.

Ng'ambo pacha yupo. Baba aliniambia. Nimemwona mara mbili, nimemtupa. Ganda lake lina wekundu kidogo chini ya jicho la shina, ukiwa na macho yangu unauona.

Nimetafuna.

16 Oktoba

Mawili. Nimetafuna.

17 Oktoba

Mawili. Nimetafuna.

19 Oktoba

Mawili. Jua linatia giza machoni mchana. Nimetafuna.

24 Oktoba

Mama Chisala kaniletea chakula mwenyewe leo. Ugali laini kama wa mtoto, na kisamvu cha karanga zilizosagwa mpaka unga. Akakaa, haondoki. Akachukua mzizi mmoja kutoka gunia la jana, akaugeuza geuza.

"Kaka, huu umetoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Nikutafunie mmoja miwili? Nina nafasi leo."

Nikaacha kula. "Unasemaje?"

"Nasema tu. Magunia ni mengi, na wewe unachoka."

"Tangu lini mwanamke anamrudia Chipulu? Umekuwa Daktari sasa? Unataka nikupe na miwani?"

"Sijasema hivyo, kaka."

"Umesema. Kwa mdomo huohuo niliokuwa naulisha maembe wewe ukiwa huna hata jina."

Akaurudisha mzizi guniani, taratibu, kama anayelaza mtoto. Akachukua sahani akaenda.

Baada ya yeye kuondoka nilichukua kipande na ugali uliobaki. Nikasukuma kwa ulimi huku na huku mpaka taya likauma. Ugali wenyewe ulikuwa laini tangu mwanzo. Sikuweza kujua kama ni mzizi ulioyeyusha au ni dada yangu.

2 Novemba

Mawingu yamekuja, yamesimama, yameondoka. Mawili. Nimetafuna.

5 Novemba

Magunia ya mwisho kabla ya siku ya kuonja. Mawili. Nimetafuna.

7 Novemba

Nitaandika yote.

Watu walikuja mapema, wamevaa nguo za kanisani. Viti vya shule vimepangwa uani, kila mtu na kikombe chenye namba. Wakubwa wawili wa Ndola wamekuja na gari lenye kiyoyozi, hawakushuka mpaka kila kitu kilipokuwa tayari. Daktari anakimbia na karatasi zake: kipimo cha utamu, kipimo cha harufu, kipimo cha kuridhika. Jere ananitambulisha: "Huyu ndiye maabara yetu!" Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikavua kofia. Naandika hili ili lijulikane, kwamba nilivua kofia.

Kwetu mpishi hunywa kwanza, mbele ya wageni, ili waone. Mama Chisala akachota kikombe kilichojaa, akapiga goti moja, akanywa chote. Akafuta mdomo. Akacheka, maana mwanamke mmoja nyuma alisema, "Dada, tuachie kidogo!"

Kisha wakanywa.

Nilikuwa nimeshika kikombe changu namba moja, sijanywa bado, nilipomwona Mama Chisala anashika ukingo wa meza. Akasema, "Kaka, mbona mko wawili?" Nikadhani anafanya utani. Akasema tena, polepole, "Mbona mko wawili wawili?" Akakaa chini, pale pale, mavumbini, na gauni lake la kanisani.

Ndipo wa pili akaanza kutapika, kisha watatu kwa pamoja. Daktari akapiga kelele, "Wekeni chini! Wekeni vikombe chini!" Vikombe vikaanguka, watu wanakimbia, wengine wamekaa wamejishika vichwa. Mtu anaita mwanawe, mtu anaita maji. Gari la kiyoyozi lilikuwa la karibu zaidi, Daktari akafungua mlango kwa nguvu akamwingiza Mama Chisala na wengine wawili, wakubwa wa Ndola wakabaki wamesimama barabarani. Wengine walikwenda na lori la mahindi. Walioumwa ni kumi na mmoja.

Mimi nilibaki. Hakukuwa na nafasi kwenye lori. Uani kulikuwa na viti na vikombe na mimi.

Nikaenda kwenye gunia lililokuwa limebaki nusu. Nikatoa mzizi mmoja mmoja, nikaugeuza juani. Ule wekundu chini ya jicho la shina. Nilikaza macho. Niliuona kwenye mzizi mmoja. Nikatazama tena, sikuuona. Nikatazama mwingine, nikauona, au lilikuwa jua. Sijui. Mimi Fackson Chipulu nimekaa mbele ya gunia langu mwenyewe na sijui.

8 Novemba

Hakuna aliyekufa.

11 Novemba

Hospitali ya Mpika. Nimetembea nusu ya njia, nusu nimebebwa kwa baiskeli. Wengine wote wametoka, yeye bado. Kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Amelala ubavu. Anafumba jicho moja ili nisiwe wawili. "Afadhali," akasema, "mmoja wako ananitosha."

Nilikuwa nimebeba neno njia nzima. Nikamwambia mvua haijanyesha.

16 Novemba

Mvua imenyesha. Kubwa, bila salamu. Mama Chisala amerudi nyumbani. Kampuni imechukua magunia yote yaliyobaki ikayachoma shimoni, ikamwaga na mafuta juu, mvua ikazima, wakawasha tena.

18 Novemba

Mvua.

19 Novemba

Mvua. Watu hawanipiti bila salamu. Bora wangenipita.

25 Novemba

Daktari amekuja na ripoti. Amekonda. Amekaa kwenye kigoda, akanisomea. Ripoti moja, imetiwa sahihi na pande mbili, chuo na kampuni, ukurasa wa mwisho majina yamekaa jirani kama bwana na bibi harusi.

Inasema hivi. Mizizi ilikuwa salama, kwa kuwa kumbukumbu za mchimbaji zinaonyesha kila gunia lilipimwa kwa njia ya asili ambayo utafiti ulikwisha kuithibitisha. Maji yalikuwa ya kisima kilekile cha siku zote. Kwa hiyo chanzo cha madhara ni uchafu wa vyungu na mikono ya wapishi. Inashauriwa wanawake wa Kapoko waondolewe katika mradi.

"Kumbukumbu gani?" nikauliza.

Akaniangalia kwa mshangao. "Za kwako, Babu. Daftari. Nilipiga picha kurasa za mbele." Akanionyesha kwenye simu yake. Herufi zangu kubwa, hazifutiki. Nimetafuna. Nimetafuna. Nimetafuna. Moja chini ya nyingine, kama mataruma.

"Daftari lako ndilo kitu pekee kilichojazwa vizuri mradi mzima," akasema. Alikuwa ananifariji.

Akaondoka, nikanyamaza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilinyamaza.

26 Novemba

Wanawake wamekusanya vyungu vyao, wamevisugua kwa majivu mbele ya nyumba zao, mvuani, ili wapitao waone. Mama Chisala naye. Anasugua akiwa amefumba jicho moja.

Nimeazima simu ya mwalimu, nikampigia Daktari.

"Sikutafuna," nikamwambia.

"Babu? Mtandao mbaya. Unasemaje?"

"Tangu ishirini na tisa Septemba. Sina meno. Niliandika tu."

Mwalimu akanyoosha mkono kutaka simu yake.

"Babu," akasema mwishowe, "kwa nini hukuniambia jana?"

Akasema ripoti imeshapelekwa. Akasema magunia yamechomwa, hakuna cha kupima tena. Akasema ataandika barua. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua barua itafika wapi.

3 Desemba

Mkutano wa kufunga. Darasa lilelile, madawati yaleyale, bati linapigwa na mvua mpaka watu wanazungumza kwa kupaza sauti. Wakubwa wawili wa Ndola. Jere. Daktari. Wanawake kumi na sita ukutani, wamesimama ingawa madawati yapo.

Jere akaeleza kwa furaha kwamba ushirikiano wa chuo na kampuni haukufa. Sasa watatumia unga wa kuyeyushia uji, unaotoka nchi za nje kwenye makopo, kila kopo sawa na mwenzake. Chuo kitaupima. Mizizi haihitajiki, wala vyungu. "Lakini hatujawasahau," akasema, akafunua karatasi kubwa. Ni karatasi ya kubandika kwenye chupa. Juu imeandikwa Ladha ya Kijijini. Jina la wanawake wa Kapoko halipo. Kuna mzee amechorwa, kofia kama yangu, jembe begani, anacheka. Ana meno yote. Meupe, yamepangana kama mahindi.

"Nani huyu, Mzee Chipulu?" akauliza Jere. "Nilimwambia mchoraji: nitafutie Mbemba mzuri, kama yupo!"

Nikasimama.

Nikasema kwa sauti ya karakana, ile ya kushinda nyundo: "Vyungu vilikuwa safi. Mizizi sikuitafuna. Niliandika uongo. Tazameni." Nikavua kofia. Nikafungua mdomo wote, nikaugeuza kulia, nikaugeuza kushoto, ili kila mtu aone.

Wakacheka.

Alianza mkubwa mmoja wa Ndola, akitazama karatasi, akitazama mdomo wangu. Kisha Jere, mpaka akavua miwani. "Nyani wamemlipiza kisasi!" akasema. "Wamemng'oa yote!" Hata mwalimu alicheka. Msimu mzima nimewazoesha kucheka nikifungua mdomo.

"Sifanyi utani," nikasema. "Mimi ndiye niliyewapa sumu."

"Mzee wetu ana roho nzuri," mkubwa akamwambia mwenzake. "Anawabebea dada zake." Akaja akanishika mkono kwa mikono miwili. Akatikisa.

Daktari akasimama. "Anasema kweli. Niliwaandikieni barua."

"Tumeipokea, Daktari," Jere akasema. Kicheko kilikuwa kimemtoka, na hapo nikajua kwamba yeye alinisikia vizuri tangu mwanzo. "Chuo chako nacho kimeipokea. Pande zote mbili zimekubaliana kwamba suala limefungwa. Au unataka tufungue na lile la sampuli, nani alikubali zisipelekwe Lusaka? Sahihi yako ipo pale, na yangu ipo."

Daktari akakaa. Sikumchukia. Nilikaa mimi pia. Mwanamke mmoja tu ukutani hakucheka wala hakulia, alikuwa ananitazama kwa jicho moja.

4 Desemba

Mvua.

5 Desemba

Nimekwenda kwa Mama Chisala. Amekaa jikoni anachambua viwavi wa mboga, anawatupa kwenye ungo kwa kupapasa. Nikakaa mlangoni.

"Nilijua," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Ulijua nini?"

"Uliacha kuniomba mifupa. Ulikuwa unanisumbua kila Jumapili, niwekee mfupa, niwekee mfupa. Mwezi wa kumi hukuomba hata mara moja. Unafikiri ule ugali laini nilikuwa nampikia nani?"

"Na ukanywa."

"Nikanywa."

"Kikombe kizima."

"Ulitaka ninywe nusu, watu wote wakiona? Ungebaki na nini, kaka?"

Bati linavuja, tone linaangukia kwenye ungo. Akasogeza ungo.

"Ningesemaje?" akasema. "Niambie wewe. Nilipotaka kusema uliniambia nini?"

Mimi, niliyejibu wazungu na Wachina wa reli na Wangoni, nikasogea nikaanza kumchambulia viwavi.

19 Desemba

Nimepeleka daftari kwa mkuu wa kijiji, akasema jambo liko mikononi mwa serikali. Nimelipeleka ofisi ya afya Mpika, wakasema ripoti wanayo. Nikawaambia kurasa za nyuma hawana. Kijana wa dirishani akazifungua, akasoma kidogo, akaniuliza kama ninaandika hadithi.

8 Januari

Chupa zimefika madukani Mpika. Nimeona moja. Mzee anacheka.

17 Januari

Leo kumeanuka. Mama Chisala amenitumia mtu: anataka kupika chungu kimoja, cha nyumbani tu, cha wanawake kumi na sita. Hakuna anayekinunua wala kukipima. Nikachukua sururu, nikaenda Mashoka, udongo ni laini kwa mvua. Mashimo manne. Fungu la mkono mmoja.

Nikampelekea. Sikuliingiza kwenye chungu wala sikumpa mkononi. Nililiweka chini mbele yake pamoja na donge la ugali baridi, mkavu, wa jana, nikakaa nikageukia ukutani kama mtu anayevuliwa nguo.

Nikamsikia anatafuna. Shimo la kwanza. Shimo la pili. Anatafuna polepole, ana meno mazuri bado. La tatu. La nne.

"Maji," akasema. "Matamu."

Nimejaza safu za mbele kwa mara ya mwisho. Tarehe, kumi na saba Januari. Mahali, Mashoka. Magunia, hakuna, fungu moja. Umetafuna? Sikutafuna. Ametafuna Eliness Chipulu, mama yake Chisala, wa Kapoko.

Hakuna anayengoja ukurasa huu. Lakini atakayedai kwamba vyungu vya Kapoko vilikuwa vichafu, aje aulize. Atakayemsema dada yangu wapo wa kumjibu. Yupo yeye mwenyewe, anayeona watu wawili wawili kila jioni akichoka. Yupo Daktari Choolwe, kama wamemwacha na kazi yake. Yupo Jere Mngoni, ambaye alinisikia. Na asiyewaamini hao, nami nikiwa nimekufa, afungue kibati changu cha ugoro. Jino limo.